Safu ya Kazi

Mwaka sabini na mbili nilikuwa karani wa mishahara
ghala la kahawa, Moshi, dirisha linatazama reli.
Kitabu changu kilikuwa na safu nne:
jina, namba, kazi, shilingi.
Meneja akaja na kijana aliyeinama kupita mlangoni,
akaendelea kuinama, ingawa mlango ulishaisha.
"Mwandike. Elisaria Makundi, wa Mamba.
Mia mbili na arobaini kwa mwezi."
Kazi?
Meneja akacheka. "Kufunga vikapu."
Nikatazama kitabu. Kazi hiyo haikuwamo.
Siku zile michezo ilikuwa ya ridhaa,
jasho la uwanjani haliuzwi.
Basi nikaandika: Mpanga magunia.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri wakati huo.

Makuli walimwita Mgeni wa Ghala.
Wao migongo imeiva kama ngozi ya ngoma,
yeye anapita saa nane mchana, mpira kwapani,
raba namba arobaini na saba
alizoagiziwa Mombasa, ya kulia inabana.
"Na sisi tucheze bao, tulipwe!"
Mama yake naye hakuamini.
Noti za kwanza alizirudisha, akidhani ni za wizi,
kazifunga kwa jani la mgomba, kampa dereva wa lori la maziwa.

Lakini Jumamosi jioni,
kwenye saruji nyuma ya ghala,
tulifagia maganda, tukachora mistari kwa chokaa.
Pete mbili alizifua fundi wa reli.
Na makuli hao hao walipanda juu ya magunia kutazama.

Nimeona watu wakiruka. Elisaria hakuruka.
Alipanda, kama mtu aliyeona ngazi tusiyoiona,
akafika, akakaa kidogo huko,
akageuza shingo kama anayetafuta kibiriti,
ndipo akauachia mpira.
Nyavu hazikusema kitu. Chwa, basi.
Vijana wa Arusha, wale wa kiwanda cha nguo,
walifungwa kwa tofauti ya pointi thelathini na moja,
wakaondoka bila kunywa chai.

Goti liliachia Tanga.
Hapana, Arusha; mwezi wa nne, saruji imelowa.
Mlio wake niliusikia nilipokaa,
kama mtu anavunja muwa.
Meneja akaingia ofisini, akafungua kitabu changu,
akaweka kidole kwenye safu ya tatu.
"Hapa panasema nini?"
Mpanga magunia, bwana.
"Basi apange."

Akapanga. Miaka kumi na tisa,
gunia la kilo sitini, mguu mmoja umegoma kukunjika.
Uongo wangu ulikaa njiani ukamsubiri,
naye akaufikia.
Makuli hawakumcheka tena. Walimwachia safu ya juu,
ile ambayo wao waliiendea kwa ngazi.

Kila mwisho wa mwezi alikuja dirishani kutia sahihi,
akasoma mstari wake kwa sauti, pole pole,
kisha: "Umeandika vizuri, karani."
Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililonichosha.

Wiki iliyopita, kule Mamba, walinipa wasifu wa marehemu nisome,
kwa kuwa wa enzi zetu nimebaki mimi.
Mjukuu ameuchapa vizuri, karatasi moja.
Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto watano.
Aliajiriwa ghalani kama
Nikakwama hapo. Miwani ikaingia ukungu.
Nyuma ya watu sepetu bado zinalia:
kaburi limekuwa fupi,
vijana wanaongeza shubiri mbili upande wa miguuni.

Nikaomba kalamu kwa mchungaji.
Nikakata yale maneno mawili, nikaandika juu yake
kwa mkono huu unaotetemeka,
mwandiko mbaya, mwandiko wa kuku,
kisha nikasoma: mchezaji.
Nikasoma tena, kwa sauti zaidi,
maana walioko kwenye sepetu hawakusikia.